Oveni Imejisafisha, Sasa Haipati Moto: Mafunzo Niliyopata Kwenye Ufundi Arusha

Simu hizi zina msimu wake. Huanza Novemba, familia za Kilutheri zinapojiandaa kwa kipaimara, hupanda Desemba kwa ajili ya Krismasi na harusi, kisha hutulia Januari ada za shule zinapobana. Maneno ya mpigaji huwa yaleyale: taa ya oveni inawaka, feni inazunguka, saa inaonekana, ila haipati moto. Nikiuliza mara ya mwisho ilifanya kazi gani, hunyamaza kidogo. Kisha: “Fundi, niliiweka ijisafishe.”

Oveni za namna hiyo si nyingi hapa mjini. Majiko mengi ya Arusha ni ya gesi, au gesi kwa umeme, na oveni zake husafishwa kwa mkono. Zinazojisafisha zenyewe nimezikuta kwa watu wa aina tatu: Watanzania waliorudi kutoka nje na kontena lao, loji za watalii, na waliozinunua kwa wageni waliokuwa wakihama. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikaa mjini hapa kuanzia 1995 hadi ilipofungwa mwisho wa 2015, na miaka hiyo yote kulikuwa na wageni wanaofika na wageni wanaouza vitu waondoke. Oveni ikibaki, kitabu cha maelekezo mara nyingi hakibaki.

Karakana yangu iko upande wa Mbauda. Miaka yote hii ya kufungua oveni zilizogoma baada ya kujisafisha imenifundisha kuanza na swali moja kabla ya kushika bisibisi: joto lilikwenda wapi? Mengine yote yanafuata hapo.

1. Ujue kwanza oveni ilikuwa ikifanya nini

Keki huokwa kwenye nyuzi 170 au 180 za sentigredi. Ukizungusha kitufe mpaka mwisho, oveni ya kawaida inafika 250 hivi. Programu ya kujisafisha huipeleka kati ya 450 na 500, na kuishikilia huko kwa saa mbili, pengine tatu. Mafuta yaliyogandamana kwenye kuta huungua yakawa jivu, ukaja kulifuta kwa kitambaa. General Electric ya Marekani ndiyo iliyoingiza oveni ya namna hii sokoni mwaka 1963, na kanuni yake haijabadilika sana tangu hapo.

Tazama sasa jengo la oveni lenyewe. Chumba cha kuokea kimezungushiwa sufi ya kioo. Juu yake, umbali wa kiganja tu, imekaa bodi ya kielektroniki, relei, nyaya na swichi ya mlango, vitu visivyotaka hata joto la maji ya chai. Kati ya moto huo na vitu hivyo kuna ile sufi, kuna feni ndogo ya kupoza, na kuna fyuzi ya joto inayokata umeme mambo yakizidi. Oveni inapogoma baada ya kujisafisha, aghalabu joto lililotakiwa kubaki ndani limepanda kwa majirani. Kazi ya fundi ni kujua limepita wapi.

2. Mhoji mwenye oveni kabla ya kuihoji oveni

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wateja wengi huanza kwa kusema oveni “imezima tu yenyewe”, maana wanaogopa kulaumiwa. Mimi silaumu, programu imewekwa na mtengenezaji ili itumike. Ila majibu ya maswali manne huniokolea muda: ilimaliza kujisafisha au ilikatika katikati? Mlango ulifunguka wenyewe baadaye? Ulisikia harufu ya plastiki? Siku hiyo umeme ulikuwaje?

Binti mmoja wa Sakina, anayeoka keki za sendofu, alinipigia asubuhi.

“Shikamoo, fundi. Oveni imenigomea, na nina oda ya Jumamosi.”

“Marahaba, mwanangu. Ilipojisafisha, ilimaliza?”

“Ilikuwa bado. LUKU ikaisha, nikalala.”

“Ukaweka uniti lini?”

“Leo alfajiri.”

Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilibeba fyuzi za joto kwenye begi kabla sijaiona oveni yenyewe.

3. Umeme ukikatika katikati, kinachozima kwanza ni ubaridi

Somo hili sikulisoma kwenye kitabu cha oveni hata kimoja. Vitabu hivyo viliandikiwa watu ambao kwao umeme kukatika ni habari ya kusimuliana.

Oveni ikiwa kwenye nyuzi 480 umeme ukakatika, koili huzima papo hapo. Mtu angedhani hatari imekwisha. Lakini feni ya kupoza nayo imezima, na chuma kilichopashwa kwa saa mbili hakipoi kwa dakika tano. Joto lililokuwa likifukuzwa nje na feni sasa linapanda polepole mpaka kwenye chumba cha bodi. Fyuzi ya joto haijali kama kuna umeme au hakuna. Inahisi joto tu. Kwa hiyo hukata wakati nyumba nzima iko gizani, na mwenye nyumba anakuja kugundua kesho yake.

LUKU ikiisha, mambo huwa yaleyale. Kujisafisha mara moja hula kati ya uniti tatu na sita, kulingana na ukubwa wa oveni na muda uliochagua. Kwa bei ya nyumbani ya Sh356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni kama Sh1,070 hadi Sh2,140: si fedha ya kutisha, ila ni uniti zinazoondoka kwa mkupuo. Kuna pia kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, hivyo uniti ulizopata mwezi ukianza huenda zikawa pungufu ya ulizozoea. Angalia mita kabla ya kubonyeza kitufe.

Umeme ukikatika oveni ikiwa inajisafisha, zima swichi kubwa ya jiko ukutani, ile nyekundu. Mlango usiulazimishe. Umeme ukirudi, subiri utulie dakika kadhaa, kisha washa swichi bila kuchagua programu yoyote. Oveni nyingi zikihisi kwamba bado zina joto huwasha feni zenyewe, na hicho ndicho unachotaka.

4. Anza na vya bure

Kuna safari ambazo nimepanda hadi Ilboru au Moshono na zana zote, kumbe dawa ni kurekebisha saa. Oveni nyingi za Ulaya, umeme ukikatika na kurudi, saa yake hubaki ikimetameta kwenye sifuri, na oveni haipashi mpaka uweke saa sahihi. Taa itawaka, pengine na feni itazunguka, ila koili hazipewi umeme. Siku hizi hulimaliza hilo kwenye simu kabla ya kutoka karakana.

Cha pili ni kufuli ya watoto, ambayo kwa kawaida huonyeshwa na alama ya ufunguo au kufuli kwenye kioo. Cha tatu ni hali ya maonyesho ya dukani. Oveni iliyokuwa ikionyeshwa dukani huweza kuwekwa hali ya kuwaka taa na kuzungusha feni bila kupasha, ili muuzaji asiungue mikono. Nimeikuta kwenye oveni zilizonunuliwa “kama mpya”, na iliwahi kunitokea ikajirudia yenyewe baada ya umeme kuchezacheza.

Kisha zima breka ya jiko kwa dakika kumi hivi, uiwashe tena. Bodi iliyochanganyikiwa hujipanga upya. Ila kama kioo kinaonyesha herufi na namba ya hitilafu, iandike au ipige picha kwanza. Ukizima, ushahidi unaweza kupotea, na namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama oveni inalalamikia sensa, mlango au feni.

5. Pima umeme wa nyumba kabla ya kulaumu koili

Nguvu ya koili haishuki sawa na volti. Inashuka kwa mraba wake. Koili ya wati 2,500 iliyotengenezwa kwa volti 230, ukiipa volti 190 inatoa wati 1,700 tu. Oveni kama hiyo huwaka, lakini keki hukaa ndani mpaka juu inakauka kabla katikati haijaiva, na mtu anasema “haipati moto”. Saa moja jioni, mitaa yenye nyumba nyingi kwenye transfoma moja, nimewahi kuona mita yangu ikisoma namba za namna hiyo. Asubuhi yake oveni ileile huoka vizuri, haina ugonjwa wowote.

Umbali nao una sehemu yake. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza kwa nini mikoa ya kaskazini iunganishwe na umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, hoja mojawapo ilikuwa umeme unaopotea njiani ukitoka kwenye mitambo iliyo mbali. Hesabu ni ileile kwenye waya mdogo wa nyumbani: waya mwembamba na mrefu kutoka kwenye meinswichi hadi jikoni hula volti kabla hazijafika kwenye oveni. Pima mwisho wa waya, oveni ikiwa inavuta mzigo. Ukipima ikiwa imezimwa, namba itakudanganya.

Nyumba zenye fezi tatu zina mtego wa pekee. Majiko makubwa huweza kuungwa kwenye fezi mbili, saa na taa zikawa kwenye moja, koili kwenye nyingine. Fezi moja ikipotea, kioo kinawaka vizuri na koili ni baridi kabisa. Kabla hujafungua hata skrubu moja, hakikisha kila fezi ipo.

6. Soma bamba la oveni, hasa ikiwa imetoka Marekani

Bamba dogo lililoko kwenye fremu ya mlango au nyuma linakueleza volti, wati na mizunguko ya umeme. Oveni ya Ulaya itasema 220 hadi 240, mizunguko 50, sawa na umeme wetu. Ya Marekani itasema 120/240, mizunguko 60. Kule jiko hupewa nyaya mbili zenye umeme, kila mmoja una volti 120 dhidi ya nyutro, na kati yao kuna 240. Koili hutumia zile 240; taa na pengine feni hutumia 120. Mtu akiiunga hapa bila transfoma ya kushusha umeme wa vifaa vidogo, feni ya kupoza inaweza kuwa ndiyo ya kwanza kufa. Ikifa hiyo, siku za fyuzi ya joto zinahesabika.

Kuna jambo la saa pia. Oveni za zamani za Marekani huhesabu muda kwa kufuata mizunguko ya umeme. Zikipewa 50 badala ya 60, saa inachelewa dakika 10 katika kila 60. Kujisafisha kulikopangiwa saa tatu kunachukua saa tatu na dakika 36, na dakika hizo zote za nyongeza ni za moto mkali. Mzee mmoja wa Njiro aliyerudi na oveni yake kutoka Texas alikuwa akilalamika kuwa saa ya jikoni ni mvivu. Nilimwambia mzee, saa haina kosa, imekuja nchi ya mizunguko 50. Ila programu ya kujisafisha tuifungie kabisa.

7. Mlango unaweza kuidanganya bodi

Oveni inapoanza kujisafisha, kimota kidogo husukuma ndoano ya kufunga mlango, na swichi ndogo huiambia bodi kwamba mlango umefungwa. Joto likishuka, kimota huirudisha ndoano. Shida huja pale mafuta yaliyoungua yanapoikwamisha njiani, au swichi ile inapolegea kwa joto. Mlango unaweza kufunguka vizuri kabisa, lakini bodi bado inaamini umefungwa kwa ajili ya usafi, ikakataa kuoka.

Ngoja ipoe kabisa, zima breka, washa, kisha sikiliza. Mlio wa kimota kikihangaika bila kumaliza safari yake ni jibu tosha. Njia nyingine ni kuanzisha programu ya kujisafisha kwa muda mfupi mpaka ndoano ifunge, kisha kuifuta mara moja. Kimota kitajaribu kurudi mahali pake. Nikikuta ndoano imekwama, naisafisha na kuijaribu kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Mafuta ya kupikia au grisi ya baiskeli havifai hapo, maana vitaungua vikawa gundi mpya. Na mlango uliokwama haufunguliwi kwa kisu: kioo cha ndani kikipata ufa, utalipia kioo juu ya kufuli.

8. Fyuzi ya joto haikati bure

Ukipita hatua zote hizo na koili zote ni baridi, ya chini, ya juu na ile ya kuzunguka feni, mshukiwa wa kwanza ni fyuzi ya joto. Ni kidude cha ukubwa wa sarafu, kimebanwa nyuma ya oveni au juu ya chumba cha kuokea, na nyaya mbili. Zima breka, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, ivute oveni, fungua bamba la nyuma, chomoa waya mmoja wa fyuzi na upime. Nzima itasoma karibu na sifuri. Iliyokata haitasoma kitu. Baadhi zina kitufe katikati. Ukikibonyeza kikiwa kimepoa kinalia “tak” na kurudi. Nyingine zikikata zimekata, ni kubadilisha tu, tena kwa yenye nyuzi zilezile zilizochapwa mgongoni mwake.

Hapa ndipo mafundi tunapoachana. Njia ya mkato ni kuunga dairekti: unaziunganisha nyaya mbili bila fyuzi, oveni inawaka, mteja anafurahi, unalipwa unaondoka. Loji moja ya njia ya Momela ilifanyiwa hivyo kabla sijaitwa. Oveni iliendelea kuoka mikate kama kawaida, mpaka siku walipoiweka ijisafishe tena. Nilipoifungua, gamba la nyaya zote za juu lilikuwa limeyeyuka, na ubao wa kabati nyuma yake umegeuka mweusi. Kilichowaokoa ni mpishi aliyesikia harufu akazima meinswichi. Angechelewa, wangekuwa wanapiga 114 wakiita Zimamoto.

Kwa hiyo, fyuzi ikikata nabadilisha, halafu natafuta iliyoikatisha. Umeme uliokatika katikati ni sababu inayojitosheleza, na nikiipata hiyo nalala usingizi. Nisipoipata, naangalia kama feni ya kupoza inazunguka kwa nguvu, kama sufi ya kioo imesogea, kama mpira wa mlango umechanika na kuachia moto upande wa mbele, na kama kuna relei iliyoganda ikiwa imefunga. Relei ya namna hiyo ni mbaya kuliko zote: koili inaendelea kupata umeme hata oveni ikiwa imezimwa kwa kitufe.

9. Namba za mita zina hali ya hewa yake

Oveni ikipasha upande mmoja tu, fyuzi iko salama, tafuta koili. Chomoa waya kwanza, kisha pima. Koili ya wati 1,000 ya volti 230 inasoma karibu omu 53. Ya 2,000 ni omu 26. Ya 2,500 ni omu 21. Isiyosoma kitu imekatika. Pima pia kati ya mguu wa koili na mwili wa oveni: hapo hapatakiwi kusoma chochote. Pakisoma, umeme unavujia kwenye chuma. Kwa macho utaona uvimbe au ufa mahali ilipopasukia, ila si mara zote.

Sensa ya joto inahitaji akili kidogo. Ya kawaida ni ya platini: omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri, ikipanda karibu omu 3.9 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya Julai hapa chini ya Meru, jikoni kukiwa nyuzi 15, sensa nzima inasoma kama 1,058. Mchana wa Februari kwenye nyuzi 28 inasoma kama 1,109. Nimeshuhudia kijana wa karakana akitupa sensa nzima kwa sababu namba haikulingana na aliyoiona kwenye video ya nchi nyingine. Tazama kipimajoto cha chumba kwanza. Na zipo oveni zenye sensa ya omu 500, kwa hiyo nusu ya namba hizo si ugonjwa.

Halafu kuna vichwa vya waya, vile vinavyochomekwa kwenye miguu ya koili. Joto la kujisafisha hukilegeza kichwa hicho, kinashika kutu nyeusi, umeme unapita kwa shida, kinazidi kuchemka, mwisho kinaungua. Kukibana upya hakutoshi kama shaba imekuwa nyeusi. Kata, weka kichwa kipya cha kuhimili moto. Waya wa kubadilishia uwe wenye gamba la silikoni au nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa nyumba, wa plastiki, umetengenezwa kwa nyuzi 70, na nyuma ya oveni nyuzi 70 ni asubuhi tu. Utepe wa plastiki usiuweke kabisa.

Bodi naiacha mwisho, maana ndiyo ghali na ndiyo husingiziwa kuliko vyote. Mara nyingi kilichokufa ni relei moja, ambayo fundi redio mzuri anaibadilisha kwa kuchomelea. Relei na sensa zisipopatikana mjini, huagizwa Kariakoo zikapandishwa basi, au huletwa kutoka maduka ya elektroniki ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, kupitia Namanga. Tuma picha ya namba zilizochapwa juu ya kifaa. Jina la oveni peke yake halimsaidii muuzaji.

10. Kabati la seremala ni sehemu ya oveni

Oveni ya kuingiza kwenye kabati hutegemea hewa inayoingia chini na nyuma. Seremala anayependa kazi safi huziba kote, kabati likapendeza, na feni ikabaki ikizungusha hewa moto ileile. Nimekata matundu kwenye makabati mazuri sana huku mama mwenye nyumba akinitazama kwa uchungu, na fyuzi hazikukata tena.

Arusha ina mambo yake mawili zaidi. Tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemkia karibu nyuzi 95, na hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, inabeba joto pungufu. La pili ni vumbi la kiangazi. Linaingia kwenye feni ya kupoza, linachanganyika na mvuke wa mafuta, mapanga yanakuwa mazito. Kila ninapofungua oveni kwa sababu yoyote, feni hiyo naisafisha, hata kama sikuitiwa hiyo.

11. Panga siku ya kujisafisha, au uache kabisa

Usiiweke oveni ijisafishe wiki ya oda. Watu husafisha kabla ya sherehe, na ndiyo maana simu zinanijia Desemba, wakati maduka ya spea yanafunga na mafundi wengi wamepanda kwao Moshi na Rombo. Chagua siku ya kawaida, asubuhi, uniti zikiwa za kutosha na umeme ukiwa umetulia siku kadhaa. Toa trei na nyavu zote, futa mafuta mengi kwa mkono kwanza, maana ndiyo yanayotoa moshi na kuongeza moto. Chagua muda mfupi kuliko yote. Fungua madirisha, na kama umeweka vifaranga jikoni kwa ajili ya baridi, wahamishe. Ndege hawavumilii moshi ule.

Oveni iliyokwishapita kwenye mikono mitatu, mimi humshauri mwenyewe asiitumie programu hiyo tena. Magadi ya Ziwa Natron, yaleyale ya kulainishia makande, yakiyeyushwa kwenye maji ya moto hula mafuta vizuri: paka kwenye kuta za ndani, acha usiku, futa asubuhi kwa kitambaa chenye maji, kisha siki kidogo. Vaa glavu, usipake kwenye koili, sensa wala kitu chochote cha alumini. Ukifanya hivyo kila baada ya oda kubwa, hakuna kitakachogandamana mpaka kihitaji nyuzi 500.

Na ukimwita fundi, mwombe akuonyeshe kifaa alichotoa na akueleze kwa nini kilikufa. Fyuzi bei yake ni ndogo. Ufundi unaoulipia ni ile sababu. Akikosa jibu, usimruhusu afunge bamba la nyuma.